'Aidha' ama 'Idha': Neno Moja, Ndimi Mbili

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hayo ni maneno ya wahenga, nami nimeyasikia tangu utotoni. Lakini ilinibidi nisafiri kutoka Mombasa hadi Machakos, mji uliokaa chini ya vilima vya Iveti, ndipo niyaone yakitimia juu ya neno la Kiingereza.

Nilikwenda kumjulia hali rafiki yangu, mwalimu mstaafu, Mkamba mwenyeji wa papo hapo. Desturi ya nyumba ile naijua. Anipokeaye mlangoni ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, ambaye hanipi hata nafasi ya kuvua viatu kabla hajanionyesha kitabu anachokisoma. Safari hii alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, Babu wa Mombasa," kisha akaingia ndani asitoke tena.

Chai ilipoletwa, babu yake akanieleza kisa. Shuleni kwao palikuwa na mashindano ya kusoma kwa sauti mbele ya watu. Mtoto alisoma vizuri, kila mtu ametulia, mpaka alipofikia neno "either", akalitamka idha. Mwamuzi akamkata alama. Hilo lingevumilika, lakini mashindano yalipokwisha mwamuzi alisimama akaiambia shule nzima kwamba katika Kiingereza sanifu hakuna neno idha. Neno ni aidha, na asiyejua asipande jukwaani. Wanafunzi wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo wenzake hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Idha.

Juu ya hayo alikuwa amepata alama za kutosha kuingia duru ya pili. Karatasi ya kuandikisha jina ilikuwa pale mezani, chini ya bakuli la sukari, na ilitakiwa irudi shuleni Jumatatu. Mtoto alikuwa ameapa kwamba hatatia jina lake.

"Shehe," rafiki yangu akaniambia, "wewe ni mtu wa maneno. Mimi nimefunza hesabu maisha yangu yote, na katika hesabu mbili na mbili ni nne. Hapana nne ya Mwingereza na nne ya Mmarekani. Hebu niambie, mtoto huyu alikosea au hakukosea? Na ikiwa hakukosea, yawezekanaje neno moja lisemwe kwa namna mbili, na zote mbili ziwe sahihi?"

Msomaji mpenzi, swali hilo ni la haki, na wengi wanalo moyoni wasipate pa kuliuliza. Nilimwomba rafiki yangu amwite mjukuu wake aje na kamusi. Akaja, macho chini. Tukaifungua. Mbele ya neno "either" kamusi imeandika matamshi mawili, la kwanza na la pili, wala haikusema kwamba moja ni kosa. Uso wa mtoto ukabadilika kidogo. Lakini kamusi inakwambia kwamba mambo ni hivi. Haikwambii kwa nini. Basi tukakaa hapo hadi adhuhuri tukitafuta kwa nini.

SAUTI ZAHAMA, HERUFI ZABAKI

Sababu ya kwanza ni kwamba Waingereza walihama nyumba wakasahau kubadilisha anwani. Kati ya miaka ya 1400 na 1700, kwa kukadiria, irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika karibu zote. Neno "time" lilikuwa na sauti ya ii kama ilivyoandikwa, na neno "house" lilikuwa na sauti ya uu. Taratibu, kizazi baada ya kizazi, ii ikawa ai na uu ikawa au. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 1476, William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Kazi ya wachapaji ni kukaza maandishi yasichezecheze. Basi maandishi yakaanza kukazwa huku sauti zingali njiani. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kinaandikwa kwa kumbukumbu na kutamkwa kwa mazoea.

Hama ya namna hiyo haifanyiki siku moja kwa watu wote. Huyu amekwisha fika, yule angali njiani, na wa tatu amepita ndia nyingine kabisa. Neno "either" ni mmoja wa wasafiri hao. Kwa zaidi ya miaka 200 limekuwa likisemwa kwa namna mbili. Mwaka 1791, mjini London, John Walker alitoa kamusi yake ya matamshi iliyoheshimiwa sana na watu wa zama zile. Alikiri kwamba wengi husema aidha, lakini kwa maoni yake idha ndiyo iliyokuwa na haki zaidi, kwa kuilinganisha na maneno mengine ya sura hiyo. Yaani mtoto wetu angelisoma mbele ya Bwana Walker, aliyekatwa alama angelikuwa mwamuzi!

Hapo mtoto alicheka kwa mara ya kwanza. Baadaye upepo uligeuka. Uingereza wengi wakashika aidha, Marekani wengi wakashika idha, lakini pande zote mbili za bahari utawasikia wanaosema hili na wanaosema lile, hata ndani ya nyumba moja.

KITABU CHAUFUNZA ULIMI

Sababu ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Wakati mwingine ulimi humfuata mwandishi. Chukua neno "often". Zamani sauti ya t ilitamkwa, kisha watu wakaiacha, kama walivyoiacha katika "listen" na "soften". Lakini t yenyewe ikabaki ukurasani. Shule zilipoenea na kila mtu akawa msomaji, wako walioiona t hiyo wakasema, hii imewekwa hapa kwa kazi, wakairudisha mdomoni. Leo kuna wasemao ofen na wasemao often, na kamusi zinawapokea wote. Hapa Afrika Mashariki, sisi ambao Kiingereza tumekipata aghalabu kutoka kitabuni kabla ya kukisikia kutoka mdomoni, hatuna ajabu tukiwa upande wa t.

Neno "schedule" lina kisa cha aina hiyo pia. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na mwanzoni waliliandika kwa c na kulitamka kwa s. Wanazuoni waliokumbuka asili yake ya Kilatini na Kigiriki wakalivisha herufi sch. Huko Marekani, Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, akapendelea sauti ya sk kwa kufuata asili hiyo ya Kigiriki. Uingereza wakaishia kusema kwa sh. Leo vijana wengi wa Uingereza wenyewe wanasema skejuli kama Wamarekani, na shuleni kwetu mwalimu anasema hivi, televisheni inasema vile, na mtoto yuko katikati kama mchezaji wa kamba.

Sababu ya tatu ni mkazo, na hii haitakiwi kutushangaza sisi Waswahili. Neno "controversy" wengine hulitia mkazo mwanzoni na wengine katikati. "Kilometre" ni vivyo hivyo. Nikamwuliza rafiki yangu, "Mwalimu, wewe wasemaje lazima?" Akasema la-ZI-ma. Nikamwambia kwetu Pwani wazee husema LA-zima, mkazo mwanzoni, kama neno lilivyotoka Arabuni. Nani kati yetu amekosea? Neno la kigeni likiingia nyumbani, wako wanaomwacha mgeni na nguo zake, na wako wanaomvisha kanzu ya nyumba. Lugha ya Kiswahili hupenda mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Aliyesema la-ZI-ma amemvisha mgeni. Aliyesema LA-zima amemheshimu alivyokuja. Wote wawili wamemkaribisha.

NANI ALIYEPEWA MUHURI?

"Lakini Shehe," rafiki yangu akadakia, "hapana serikali ya maneno hayo? Hapana mtu wa kupiga muhuri?"

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wafaransa wanalo baraza la lugha tangu karne ya kumi na saba. Waingereza hawana, na kila walipojaribu kuliunda halikusimama. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755 alieleza maana na tahajia, lakini sauti za irabu hakuzifungia. Mwaka 1926 Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, liliunda kamati ya kuwashauri watangazaji namna ya kutamka maneno yenye utata. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mshairi, Robert Bridges. Baada yake akaja mwandishi wa tamthilia, Bernard Shaw. Palikuwa na mabingwa wa fonetiki na watu wa kila heshima. Walibishana, wakatoa orodha zao, na baadhi ya maamuzi yao watu waliyakataa katakata. Vita vya 1939 vilipoanza kamati ikavunjwa. Tazama, basi: wenye lugha yao, wenye redio yao, wenye mshairi wao mkuu, na bado hawakuweza kuziamrisha ndimi za watu.

Watungaji wa kamusi wa baadaye wakachagua adabu nyingine. Wakaacha kuamuru, wakauliza. John Wells, profesa wa fonetiki wa London, alipotayarisha kamusi yake ya matamshi iliyotoka mwaka 1990, aliwapelekea wasemaji maswali: wewe wasemaje neno hili? Majibu yao yakaingia kamusini. Basi neno "kukubaliwa" katika Kiingereza maana yake si kwamba mkubwa fulani amelitia sahihi. Maana yake ni kwamba kundi kubwa la wasemaji waliozoea lugha hiyo wanasema hivyo, na wenzao wakiwasikia hawashtuki wala hawashindwi kuelewa.

Nilipofika hapo nilikumbuka chuoni. Sisi tuliolelewa na juzuu na ubao tunalijua jambo la visomo. Msahafu ni mmoja, lakini visomo vyake vilivyokubaliwa ni zaidi ya kimoja. Imam Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 Hijria, sawa na 936 Miladia, ndiye aliyevikusanya visomo saba mashuhuri. Sisi kwetu tunasoma kwa riwaya ya Hafs. Maghribi na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi wanasoma kwa Warsh, na Sudani wako wanaosoma kwa riwaya ya ad-Duri. Katika Fatiha yenyewe, ambayo kila Mwislamu huisoma mara kadha wa kadha kutwa, kuna neno ambalo wengine huvuta alifu wakasema Maaliki, na wengine hawavuti wakasema Maliki. Wala hakuna anayemwambia mwenzake kwamba sala yake imeharibika.

Silinganishi Maneno ya Mwenyezi Mungu na maneno ya watu, hasha. Visomo vina sanadi, kisomaji kutoka kwa msomaji hadi kwa Mtume, na wanazuoni wameviwekea masharti: mapokezi yathibiti, maandishi ya Msahafu yayabebe, na Kiarabu kiyakubali. Kiingereza hakina sanadi kama hiyo. Ninachokichukua hapo ni adabu ya mwalimu wangu wa chuoni. Mwanafunzi akisoma kwa namna asiyoizoea, hakuanza kwa fimbo. Aliuliza, "Umesoma kwa nani?" Kwanza alitaka kujua ndia aliyoijia. Ikiwa hana pa kuelekeza, hapo ndipo humsahihisha.

Nikamgeukia mtoto nikamwuliza swali lile lile. "Idha umeisikia kwa nani?"

Akasema, "Kwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, Babu. Naye alikuwa anasoma vizuri kuliko watu wote."

Basi sanadi yake ndiyo hiyo.

NDOO NA NJOO

Itakuwa si haki niyaseme haya ya Waingereza nifiche ya kwetu. Nyumbani kwetu, kwa Kimvita, tulikuwa tukisema ndoo kwa maana ya njoo, ndia kwa maana ya njia, mtanga kwa mchanga, na kuteka kwa kucheka. Nilipokuwa mtoto, katika shule ambayo sitaitaja, niliandika ndani ya insha kwamba mama aliniita akaniambia, "Ndoo." Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa, akaniuliza mama alikuwa anafua nini hata akataka ndoo. Darasa zima likateka. Au kama mpendavyo, likacheka. Miaka mingi imepita na bado naweza kuonyesha dawati nililokalia.

Na kwa nini njoo ikawa sahihi na ndoo ikawa chombo cha maji tu? Si kwa sababu moja ni tamu kuliko nyingine. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kamusi yake kwa kutegemea zaidi Kiswahili cha Mombasa, nayo ikachapishwa mwaka 1882. Askofu Edward Steere huko Unguja akaandika vitabu vyake kwa Kiunguja. Serikali za kikoloni zilipotaka Kiswahili kimoja cha shule, mkutano uliofanyika mwaka 1928 ukachagua Kiunguja. Na mkutano huo ulifanyika Mombasa, penye Kimvita chenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuusimamia usanifu huo.

Siilaumu lugha sanifu. Ndiyo ninayoiandikia hapa, na ndiyo inayoniwezesha mimi wa Mvita kuzungumza na wewe wa Kitui, wa Mwanza na wa Bukavu. Lakini kuchagua lugha ya kuandikia ni jambo moja, na kuwaambia watu kwamba maneno ya mama zao si maneno ni jambo jingine.

JINA LA NCHI YETU WENYEWE

Kisha nikamwambia mtoto kwamba ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka huku huku Ukambani, tena tunaubeba sote katika vitambulisho vyetu.

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba, Krapf aliuona mlima wenye theluji. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Majirani zao Wakikuyu wauita Kĩrĩnyaga. Krapf akaliandika jina kwa namna alivyolisikia: mara Kenia, mara Kegnia.

Nikamwomba mtoto alitamke jina hilo kama bibi yake alitamkavyo. Akalitamka. Msomaji, sikiliza kwa makini ukipata nafasi. Kikamba kina irabu saba, nasi Waswahili tuna tano. Ile ĩ ya Kikamba yenye kiwimbi juu yake si i yetu, wala si e yetu. Imekaa baina ya hizo mbili, kama mtu aliyesimama kizingitini. Mgeni asiyekuwa na irabu hiyo mdomoni mwake hana budi aamue: aitie ndani au aitoe nje. Mmoja atasikia i, mwingine e, na kila mmoja ataapa kwamba amesikia sawasawa.

Jina likaandikwa kwa e. Lakini msomaji wa Kiingereza akiona e mahali kama hapo, mara nyingi huisoma ii, kama asomavyo mwanzo wa neno "evil". Basi mlima, na baadaye koloni lililopewa jina hilo mwaka 1920, likawa Kiinya midomoni mwa Waingereza. Wananchi walisema Kenya. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, tena ukiongozwa na mtu ambaye jina lake, Kenyatta, lilikuwa na sauti ile ile ya e, matamshi ya wenyeji yakatangulia. Hata hivyo kamusi za Kiingereza zingali zikiandika yote mawili, na ukiwatembelea wazee wa Kiingereza huenda ukamsikia mmoja akisema Kiinya bila nia mbaya.

Hapo rafiki yangu akasema neno ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Basi wote wawili walikosea," akasema, "maana wa kwanza ni sisi, na yetu haikuwa i wala e."

Tukanyamaza. Alikuwa amesema kweli. Wengine wanagombana juu ya Kenya na Kiinya, na Mkamba aliyewapa jina ameketi kando anawatazama.

MTOTO ANIUMBUA

Nilidhani nimemaliza. Lakini mtoto aliyesomeshwa vizuri si wa kuchezea. Aliinua kichwa akasema, "Babu wa Mombasa, mwaka jana ulinisahihisha niliposema 'aidha chai au kahawa'. Ulisema naharibu Kiswahili. Na watu wengi wanasema hivyo, hata redioni. Mbona mimi nilikuwa na kosa?"

Babu yake alitazama nje ya dirisha asinitazame mimi, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Ni kweli nilimsahihisha. Neno letu aidha limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni pia, kadhalika, zaidi ya hayo. Lakini kwa sababu linafanana kwa sauti na "either" ya Kiingereza, watu wamelichukua neno la Kiswahili wakalipa kazi ya neno la Kiingereza, wakasema aidha hiki au kile, pahala pa ama hiki ama kile. Laiti Waingereza wote wangesema idha, neno letu lingesalimika! Hiyo ndiyo hasara niliyopata mimi kwa ajili ya tamko lile analolipenda mwamuzi.

Nikamjibu kwamba pana tofauti baina ya kulitamka neno kwa namna mbili na kulipa maana isiyokuwa yake. Anayesema idha na anayesema aidha wanakusudia kitu kimoja, wala hakuna anayepotea. Lakini aidha ikiwa na maana mbili zinazopingana, msomaji hatajua nimeongeza jambo au nimempa hiari ya kuchagua. Hilo ni jibu, nami nalisimamia. Ila nilimwambia pia yaliyo kweli: kwamba watu wote wakishika hivyo, na watoto wao wakazaliwa humo, kamusi za kesho zitaandika hivyo, na mimi nitakuwa mzee mmoja anayenung'unika barazani. Ninapigania neno langu maadamu nina pumzi. Lakini sitamsimamisha mtoto mbele ya shule nzima kwa ajili yake.

Na huo ndio mpaka wenyewe. Kusema kwamba maneno mengine yana matamshi mawili si kusema kwamba kila tamko ni sawa. Mtu akisema "either" kwa namna ambayo hakuna kundi la wasemaji liitumiayo, mwalimu ana haki ya kumwongoza, maana lugha ni makubaliano na asiyeyajua hufunzwa. Lakini mwamuzi kabla hajahukumu ana wajibu wa kufungua kamusi. Mwamuzi yule alijua ndia moja, nayo ni ndia njema. Kosa lake ni kudhani kwamba hakuna nyingine, na kwamba kila aliyefika kwa nyingine ametoka porini.

Kwa nini nayapa uzito mambo haya madogo? Kwa sababu mtoto akichekwa hesabu yake, hujificha na daftari. Akichekwa ulimi wake, hujificha na nafsi yake. Kenya hii ina lugha zaidi ya arubaini. Kila mmoja wetu anaingia katika Kiingereza, na hata katika Kiswahili, akiwa na sauti za kwao mdomoni. Mkamba katika lugha yake hana r. Gari likifika kwake ni ngali, na pesa ni mbesa. Mimi wa Mvita nina ndoo yangu. Tukizoea kuchekana kwa hayo, watakaobaki jukwaani ni wale tu wasiokuwa na kwao.

Jioni niliaga. Karatasi ilikuwa ingali mezani, lakini ilikuwa imetoka chini ya bakuli la sukari. Sikuuliza. Mtoto alinisindikiza hadi stendi, akanibebea mfuko wa maembe aliyonipa bibi yake.

Ubavuni mwa gari paliandikwa kwa rangi nyekundu MACHAKOS. Jina hilo nalo lina kisa. Mwenyewe alikuwa Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Wageni walipojenga kituo chao hapa mwaka 1889, wakati ambapo Nairobi haijawa mji, walimwandika walivyomsikia, wakaingiza ch katikati na kubandika s mkiani. Maandishi yakakaa hivyo mpaka leo. Ndilo jina la mji, na tangu mwaka 2013 ndilo jina la kaunti. Lakini wenyeji wakizungumza kwao, mji ni Masaku.

Gari jingine lilikuwa likiingia kutoka Nairobi. Makanga amening'inia mlangoni, akapiga bati kwa kiganja akiwaambia abiria wake: "Masaku! Masaku tumefika!" Nao wakashuka mmoja mmoja, waliosoma ubao na waliosikia sauti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amepotea.

Jumatatu usiku rafiki yangu alinipigia simu. Mtoto ametia jina. Nikauliza, atasoma aidha au idha?

"Amesema," akanijibu, "atasoma kama alivyofundishwa. Na kamusi ataiweka mezani kwa mwamuzi."